Fundi wa Magurudumu Saba

Mashine aliisikiliza kwa tumbo. Mafundi wengine hutega sikio, au huegemeza bisibisi kwenye chuma na sikio kwenye mpini wake. Yeye alisimama mbele ya injini inayounguruma, akafumba macho, akaweka kiganja juu ya kitovu chake, akatulia hivyo hadi wenye mashine wakaanza kukonyezana. Kisha alifumbua macho na kusema, "Beringi ya kushoto." Wakifungua, ni beringi ya kushoto. Nilikaa karibu naye miaka sita na sikuwahi kumwona akikosea, wala sikuwahi kumsikia akijisifu kwa hilo.

Jina lake nalijua na nalitunza. Alizaliwa wapi, babu yake alifuata nini nchi hii, hayo nayaacha, maana hata yeye akiulizwa alijibu, "Mimi wa hapa hapa. Nipe spana ya kumi na tisa." Alikuwa Mhindi wa dini ya Kihindu, peke yake katika kambi yetu ya wachimbaji huko upande wa Genkuru, na kambi nzima ilimwita Fundi. Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu cha Mara, kigumu kigumu, na Kikurya cha kusalimia alikuwa nacho chote. Akipita mzee, Fundi anaacha kazi, anafuta mikono kidole kimoja kimoja, "Shikamoo tata," kisha anauliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto. Wazee walimpenda kwa hilo.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ni ya mwenye sururu. Mgodi mkubwa wenye uzio ulikuwa haujaja. Shamba la mtama ukiliacha wiki moja unakuta limegeuka maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na mawe yanayotoka humo yanapelekwa kwenye makarasha yakasagwe. Makarasha yalipiga kelele kuanzia chai ya asubuhi hadi jua linazama. Hakuna karasha pale ambalo halikupita mikononi mwa Fundi.

Mimi nilianza kwa kumuuzia chai. Kisha nikawa nampikia chakula cha mchana, kisha nikawa namfagilia karakana, na mwisho nikawa nafoka mle ndani kama mwenye nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mdomo hauna breki. Mama alikuwa akiniambia, "Gati, wewe utaolewa na kiziwi, hakuna mwingine atakayekuweza." Siku Fundi alipomsikia alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kumpikia mtu yule, jamani, ilikuwa adhabu. Nyama hali, samaki hali, yai hali. Katika nchi ya Wakurya! Kwetu ukimkaribisha mgeni bila nyama utasemwa mpaka Sirari. Nilimpikia dengu, maharage, mchicha, ugali wa mtama, na wakati mmoja tulipokosana nilimpa maharage siku tano mfululizo, maharage matupu na chumvi. Alikula akamaliza. Siku ya sita akafunua bakuli akasema, "Naona leo tumepatana. Kuna mchicha." Mama yangu, ambaye alikuwa Msabato wa kufa na kupona, alipochunguza akaona Fundi hanywi, havuti, hali nyama, alitangaza kwamba huyu ni Msabato mwenzetu, ila bado hajaambiwa. Akampelekea kitabu cha nyimbo. Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mahali pa juu, na tangu hapo kila Jumamosi saa za ibada alizima mashine zake mwenyewe ili mama na wenzake wasishindane nazo kuimba.

Ng'ombe nao. Ng'ombe akipita mbele ya karakana, Fundi alimgusa paji la uso kisha akajigusa la kwake. Wazee waliliona hilo, wakakubaliana kwamba Mhindi na Mkurya ni ndugu, wote wanampenda ng'ombe, tofauti ni kwamba mmoja anamla. Lakini hapo hapo pana jambo ambalo halijanikaa sawa hadi leo. Mikanda ya zamani ya makarasha ilitaka kupakwa mafuta ya ng'ombe isiteleze, na Fundi alijua hakuna mafuta mengine yanayofaa kama hayo. Kuyagusa hakuyagusa. Niliyapaka mimi, yeye amegeukia ukutani, ananielekeza bila kutazama: "Pembeni. Pembeni, Gati! Usijaze katikati!" Siku moja nikamuuliza, "Fundi, dhambi ya hapa ni ya nani, yangu au yako?" Akafikiri sana, uso bado ukutani. "Nusu kwa nusu," akasema.

Alikuwa mpole na alikuwa mkali, na hujui asubuhi utamkuta yupi. Mtoto akimwaga kopo la oili, Fundi alisema pole. Mtu mzima akileta dizeli yenye maji, ala! Spana ilipaa. Nilishuhudia akimkimbiza mwenye karasha mmoja, mtu mkubwa mwenye wake wanne, hadi barabarani, na yule bwana anakimbia kweli kweli. Kisha Fundi akarudi anahema, akakaa juu ya tairi, mkono kitovuni. "Moto umepanda," aliniambia. "Haukustahili kupanda kwa sababu ya dizeli." Jioni akaenda nyumbani kwa yule bwana kumwomba radhi.

Kuhusu huo moto. Chumbani kwake, ukutani juu ya godoro, palikuwa na picha ya karatasi nzito, imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imekatika. Mtu amekaa, miguu ameipishanisha, mgongo umenyooka, na kuanzia makalioni hadi utosini yamepangwa maua saba. Nilikuwa naipangusa kila Ijumaa, kwa kuwa moshi wa dizeli uliingia hadi mle. Ua la kooni lilikuwa na doa jeusi la grisi, alama ya dole gumba lake Fundi siku aliyoitundika, na hilo doa lilinishinda. Na mimi kitu siwezi kukipangusa bila kukiulizia.

"Hayo si maua tu," alisema. "Ni magurudumu. Katika vitabu vyetu yanaitwa chakra, maana yake ni hiyo, gurudumu. Kila mtu anayo. Wewe unayo, mama yako anayo."

"Mama ni Msabato."

"Anayo. Ila usimwambie."

Hakunifundisha siku moja. Alinipa kidogo leo, kidogo mwezi ujao, chini ya injini, mdomoni ameng'ata skrubu. Gurudumu la kwanza liko chini kabisa, pale unapokalia, petali nne nyekundu. Linaitwa Muladhara, ndiyo mzizi. Ni la udongo, na mnyama wake ni tembo, kwa sababu ndiye anayebeba wengine wote. Hapo chini, alisema, amelala nyoka amejiviringisha mara tatu na nusu, naye ni nguvu ya mtu ambayo haijaamshwa. La pili liko chini ya kitovu, petali sita, la maji, ndani yake mnyama mwenye sura ya mamba. La tatu kitovuni penyewe, petali kumi, la moto, na kondoo dume. La nne moyoni, petali kumi na mbili, la hewa, ndani yake paa anakimbia. La tano kooni, petali kumi na sita, ni la ile nafasi tupu ambayo sauti hupita. La sita katikati ya nyusi, petali mbili tu, jina lake amri. Na la saba utosini, petali elfu moja. Hilo halina mnyama wala udongo wala maji. Nyoka akiamka na kupanda gurudumu kwa gurudumu hadi pale, mtu amefika, hana tena haja ya kuitwa fulani.

"Wewe umefika?" nilimuuliza.

"Mimi?" Alicheka hadi akakohoa. "Mimi nimekaa miaka thelathini na bado napigana na dizeli. Sijavuka kitovu."

Kila gurudumu lina neno lake fupi, na kila alfajiri alikaa juu ya gunia akayatamka kwa sauti ndogo, lam, vam, ram, yam, ham, mpaka om. Vijana waliokuwa wakienda maduarani walisema Fundi anawasha injini yake. Aliwasikia na hakukasirika. Alisema wamepatia, isipokuwa injini yake inagoma kwenye baridi.

Na mtu huyo aliyelijua gurudumu la maji, aliuogopa Mto Mara hadi aibu. Akiitwa ng'ambo kutengeneza pampu, swali la kwanza ni kama kuna njia ya kuzunguka, hata iwe ya siku nzima. "Fundi," nilimwambia, "si una mamba wako mwenyewe tumboni?" Akanijibu, "Wa kwangu amekaa kwenye picha. Wale wa Mara hawajakaa."

Alilolipenda kuliko yote ni la moyoni. Anahata, alilitaja taratibu, na maana yake ni sauti isiyogongwa. "Kila sauti unayoijua, Gati, ni vitu viwili vimegongana. Nyundo na jiwe. Ulimi na meno. Ile ya moyoni haigongwi na kitu. Iko tu. Mtu akitulia sana anaisikia."

"Na hapa utaisikia wapi, katikati ya makarasha yote haya?"

"Ndiyo sababu nipo hapa. Nikiisikia hapa, nitajua sijidanganyi."

Saa saba mchana makarasha yalizimwa ili watu wale chakula. Yalizimika moja moja, la mwisho likikohoa, na kabla kelele za watu hazijapanda palikuwa na kitambo kidogo cha kimya. Fundi alikuwa akiinua kidole. Hapo hata mimi nilifunga mdomo, mwiko mkononi, namtazama yeye anavyosikiliza. Sauti hiyo sikuisikia hata siku moja, nilisikia maharage yangu yanachemka. Lakini niulize leo ni kitu gani katika maisha yangu ningerudishiwa ningekipokea nikilia. Ni kile kidole.

Kuna siku nilimtania kwamba gurudumu langu lazima liwe la kooni, kwa jinsi ninavyoongea. Akaitika. "Ni hilo. Lakini si kwa kuongea. Kuongea hata karasha linaongea. Jina la hilo la tano maana yake ni usafi. Koo si kusema sana, ni kusema lililo kweli wakati wake." Nikamwambia basi langu linazunguka vizuri, halihitaji fundi. Alirudi chini ya injini, na mimi nikadhani nimemshinda.

Nilikuwa na kaka, Mwita, mtoto wa kwanza wa mama. Alikuwa amechimba miaka miwili maduarani bila kupata kitu zaidi ya kikohozi. Jumamosi moja tunakula nyumbani akaanza kunichokoza. "Huyo Mhindi wako, mchana kutwa anakufundisha nini?" Na mimi, kwa mdomo huu, nikataka kuonekana. Nikamtajia magurudumu. Nilipofika la tatu nikasema, "Hilo la kitovuni linaitwa Manipura, mji wa vito."

Mwita akaacha tonge hewani. "Mji wa nini?"

"Wa vito. Uko kwenye moto."

"Na chini yake kuna nini?"

"Maji. Na chini kabisa nyoka amejiviringisha."

Nyoka! Kila mchimbaji wa kwetu anajua kwamba dhahabu ina mlinzi, na mlinzi ni nyoka. Sasa, kilima kilichokuwa nyuma ya kambi, ukikitazama kutoka kisimani, kinafanana na mtu aliyekaa amekunja miguu. Tangu utoto tulikiita Aliyekaa. Mwita akalirudisha tonge, akatoka nje kukitazama. Kesho yake akaja kunibembeleza nimchoree hiyo picha. "Dada yangu, mara moja tu. Nani atajua?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kucheka na kumwambia, mura, huo ni mwili wa mtu. Nilichora. Nilichora juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, mbio mbio, petali kwa petali kama nilivyoziona, wakati Fundi yuko chini ya injini ananiita nimpe tambara. Nilichora kwa sababu kwa mara ya kwanza kaka yangu alinitazama kama mtu anayejua kitu. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta.

Yeye na wenzake wakachimba kitovuni mwa kilima. Kwetu kina cha duara hutajwa kwa matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisianguke, kila baada ya hatua safu moja. Petali kumi wakazisoma kuwa matimba kumi. Na kabla ya timba la kumi wakakuta uzi wa dhahabu ndani ya jiwe. Wangekosa, ingekuwa hadithi ya kucheka hadi leo. Walipata, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Kambi ilichizi. Watu waliacha maduara yao wakapanda Aliyekaa na sururu. Fundi alipoelezwa alicheka mpaka machozi, kisha akawatazama nyuso zao akaacha kucheka. Akapanda kilima kile, yeye ambaye hata ngazi tatu zilimchosha, akawa anapiga kelele, "Ni mwili! Ni mwili wa mtu, si mlima! Shukeni!" Wao wakakonyezana. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anabana mali. Mzee mmoja mwenye mapenzi naye alimshika bega akamwambia kwa upole, "Fundi, basi tuachie hata lile la elfu moja." Jioni ile aliniuliza, "Wameijulia wapi, Gati?" Nikasema, "Watu wanaingia na kutoka hapa, Fundi, nani ajue." Nilisema hivyo huku nachambua mchele.

Moyoni mwa kilima walikuta mwamba mgumu, wakapaacha. Wakapanda kooni. Kule juu udongo ni wa kokoto, haushiki, na miti ya matimba ilikuwa imeanza kuwa haba. Duara lilianguka mchana Mwita akiwa ndani. Makarasha yakazimwa, moja baada ya jingine, yote, ili wanaochimbua wasikie kama kuna anayegonga chini. Hakukuwa na anayegonga. Katika kimya kile nilimsikia mama anapanda kilima, analiita jina la mwanawe.

Baada ya msiba wazee waliitisha ritongo, kile kikao chetu cha kuamua mambo ya kijiji. Wanawake hawasemi pale, tulikaa pembeni kwenye majani, mama amejitanda khanga nyeusi, mimi nimemshika mkono. Mama ndiye aliyetaka Fundi aletwe. Wakatandika ile karatasi ya saruji chini, mawe manne pembeni isipeperuke.

"Fundi, hii unaijua?"

Alichuchumaa akaitazama muda mrefu. Niliona kidole chake kikizunguka ua la kooni, petali baada ya petali, kisha kikasimama.

"Picha ni yangu," akasema.

"Kwamba ni yako tunajua. Nani aliitoa?"

"Ilikuwa kwangu. Ni yangu."

"Tunakuuliza nani aliitoa."

Akainua macho upande wa wanawake. Yakapita juu yangu, hayakusimama, yakarudi chini. "Nimeshajibu, tata," akasema.

Mjomba wangu alikuwa amekaa hatua mbili mbele yangu. Ningemvuta shati nikamnong'oneza, angesema kwa niaba yangu. Au ningesimama tu, wanipige, lakini wawe wamesikia. Wanawake hawasemi kwenye ritongo: hicho kisingizio nimekila miaka mingi na hakijawahi kunishibisha. Ukweli ni kwamba mkono wa mama ulikuwa ndani ya wangu. Alikuwa amempoteza mwanawe, niliogopa asije akanitupa na mimi siku hiyo hiyo. Fundi akaambiwa aondoke kabla mwezi haujaandama. Siku alipopakia vyombo vyake sikwenda. Mimi, msemaji wa kambi nzima, nilijifungia jikoni kwa mama namenya viazi visivyo na mlaji.

Niliolewa Kenyamonta, kwa ng'ombe wa kutosha, na mume mwema ambaye si kiziwi hata kidogo. Nina mashamba, nina mbuzi, watoto wamekua. Mama alifariki mikononi mwangu, na mpaka wiki ya mwisho alikuwa akimlaani Fundi, na mimi nikimwitikia. Huo ndio uzito niliobaki nao. Na hamu, haki ya nani, hamu ya mtu yule sijawahi kuizoea. Kila mashine ya kusaga unga ikiwashwa pale senta, mkono wangu unakwenda kitovuni wenyewe. Saa saba mchana huwa natoka nje nikasimama uani. Watoto wangu wamezoea, wanasema mama anasikiliza.

Mwaka jana mnadani, mfanyabiashara mmoja anayepeleka mbuzi mpakani alikuwa anasimulia vioja vya Sirari. Akasema kuna babu wa Kihindi pale anatengeneza cherehani, na kabla ya kuifungua anaisikiliza kwa tumbo. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi wa kuuza. Nikarudi na yule mbuzi nyumbani, na wiki ile ile nikaenda Sirari.

Nilimkuta kwenye baraza ya duka la nafaka, amekuwa mdogo, nywele nyeupe zote. Mbele yake cherehani imelazwa ubavu. Alikuwa anazungusha gurudumu lake taratibu, macho amefumba, kiganja kitovuni. Nikasimama pale barabarani nikamtazama mpaka kijana mpakuzi wa magunia, wa upande wa Kenya, akaniuliza kama nimepotea.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Huyo haskii, mathe," kijana akaniambia. "Masikio iliisha na zile mashine za dhahabu. Ongea na nguvu."

Basi Fundi akafumbua macho. Akanitazama kidogo. "Gati," akasema, kama mtu aliyenituma chumvi asubuhi. "Umenenepa."

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, maneno ya chini chini, ya kusema mbele ya mtu mmoja. Nikapiga magoti, nikasogeza mdomo karibu. "Fundi, mimi ndiye niliyechora."

Akakunja kiganja nyuma ya sikio. "Nini?"

Nikarudia kwa nguvu. Akina mama waliokuwa wakipepeta maharage pale kando wakainua vichwa.

"Sema tena," akasema.

Nikainuka. Nikasimama juu ya baraza ile wima, kama nilivyopaswa kusimama siku ile kwenye majani, na nikapiga kelele kwa koo langu lote: "Mimi ndiye niliyechora ile picha! Mimi ndiye niliyempa kaka yangu! Wewe hukutoa kitu! Nilikaa pale nikanyamaza, wakakufukuza, na mama amekufa anakulaani, na mimi nilikuwa najua!"

Ungo ulisimama. Kijana akatua gunia. Mwanamke mmoja akasema "Woi!" na mimi nikawa nalia mbele ya Sirari nzima, kamasi na yote.

Fundi alichukua tambara akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa wazee. Akanishika kiwiko akaniingiza ndani. Picha ilikuwa ukutani, imechakaa, mikunjo imegandishwa kwa selotepu. Akalowesha ncha ya tambara kwenye mafuta ya taa, akasugua doa la kooni, akasugua pole pole, mpaka chini ya grisi ikatokea petali moja ya buluu iliyofifia.

"Kumi na sita," akasema. "Ile ya kwenye ritongo ilikuwa na kumi na tano."

Nilihitaji muda kuelewa. Nilichora nilichokiona, na pale penye doa hapakuonekana kitu. Na nani mwingine aliijua picha ile kwa doa lake, kama si yule aliyeipangusa kila Ijumaa? Alikuwa amejua tangu siku ile, kabla hajainua macho upande wa wanawake.

"Ulijua!" nikamfokea, machozi bado yanatoka. "Basi kwa nini umeniacha niseme mara tatu mbele za watu?"

Akanisogezea kigoda, akakaa juu ya kitanda chake, akanitazama na ule uso wake wa siku ile ya mchicha.

"Ya kwanza niliisikia," akasema.